Nyuzi Nyingi, Sindano Moja

Kompyuta ambayo watu wengi huijua ni ile yenye kioo na vibonye, ikaayo juu ya meza na kutazamwa usoni. Walakini kompyuta zilizo nyingi zaidi duniani hazina kioo wala meza. Zimefichwa ndani ya vyombo vingine, zikifanya kazi moja usiku na mchana, wala hakuna azitajaye. Mita ya umeme ya LUKU, ambayo hungoja tarakimu 20 kabla ya kurudisha mwanga nyumbani, ina prosesa ndogo ndani yake. Mizani ya dukani, chombo cha kuongoza umeme wa jua, pampu ya maji na simu ya mfukoni zina prosesa za namna hiyo. Katika Shanwe, kata ya mji wa Mpanda nikaayo, mtu aweza kutembea mtaa mmoja akapita mbele ya mamia ya kompyuta asiione hata moja. Serikali ya Tanzania ilipofunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ilikuwa moja, nayo iliwekwa katika Wizara ya Fedha. Na mwaka 1974 serikali hiyohiyo ilikataza kompyuta kuingizwa nchini. Katazo lile liliondolewa baadaye. Leo hatuulizi tena kama kompyuta ziingie au zisiingie, maana zimekwisha ingia. Swali lililobaki ni kama zasema kweli.

Mimi nililetewa swali hilo na jokofu. Zahanati moja mkoani Katavi, iliyo mbali na nyaya za umeme, ilikuwa na jokofu la chanjo liendeshwalo kwa nguvu ya jua. Chanjo ni amana ngumu kutunza. Zilizo nyingi zatakiwa zikae katika joto lisilopungua digrii 2 wala kuzidi digrii 8 za Selsiasi. Joto likizidi, chanjo ya polio na ya surua hupoteza nguvu; baridi ikizidi hata kugandisha, chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini huharibika. Chanjo iliyopoteza nguvu kwa joto haitoi harufu kama nyama, wala haichachi kama maziwa. Mtoto huchomwa sindano, mama hushukuru, na wote wawili hurudi nyumbani wakidhani wana kinga ambayo hawana.

Kikundi cha vijana kilikuwa kimetengeneza chombo kidogo cha kulinda jokofu hilo, nami niliitwa baadaye nikitazame. Chombo kilipima joto kila dakika na kuliandika katika kadi. Kilipima nguvu ya betri yake na kuituma kwa ujumbe wa simu. Tena kilisikiliza majibu ya mtandao. Prosesa yake ilikuwa ya aina ya Cortex-M3, yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 20 tu, yaani pungufu ya nafasi ambayo picha moja ya simu huitaka. Kilifanya kazi vizuri siku tano au sita, kisha usiku mmoja kikapiga kelele kuwa joto la jokofu ni digrii 1.2. Dakika iliyofuata kilisema 5.2, kama kwamba hapakutokea neno.

Nilipofika nilimkuta muuguzi, mama wa makamo, daftari lake mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chombo chenu kimeniamsha tena usiku. Kinasema 1.2. Nimekwenda na taa, kipimo cha kioo kinasema 5. Sasa nimwamini nani?"

"Kwa leo amini kioo, mama."

"Kwa leo, haya," akasema. "Na siku jokofu litakapoharibika kweli, nami nimekwisha zoea kutokiamini chombo, itakuwaje?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, kwa sababu maneno yake yalikuwa yamefika kwenye shina la jambo. Chombo kinachokosea daima hutupwa, na madhara yake ni machache. Chombo kinachokosea mara moja katika maelfu hubaki mahali pake, kikiwafundisha watu polepole kudharau onyo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo asemaye kweli siku sita kati ya saba huwa na njia ndefu sana.

Zililetwa shauri mbili nyepesi. Shauri la kwanza lilikuwa kuiamuru programu itupe kila kipimo kilicho mbali na kilichotangulia. La pili lilikuwa kuacha kuandika desimali, kwa kuwa ilionekana kosa hutokea mahali zinapoandikwa. Joto la 5.2 lingeandikwa 52, nasi tungejua wenyewe pa kutia nukta. Yamkini kila moja lingeondoa kelele za usiku. Lakini shauri la kwanza lingekitia chombo pamba masikioni: siku mlango wa jokofu utakapoachwa wazi, joto litaruka kweli, na programu itautupa ukweli kwa kuudhania uongo. La pili lingeondoa dalili moja na kuuacha ugonjwa. Mficha maradhi kifo humfichua. Nikaona inapasa kwanza kujua 1.2 ilitoka wapi.

Hapa sina budi kumweleza msomaji jambo la nyuzi. Prosesa ndogo kama ile ina sindano moja tu. Katika nukta moja ya wakati hufanya tendo moja. Ili ionekane kuwa yafanya kazi tatu pamoja, huishona kazi ya kwanza kidogo, ikauweka uzi wake kando, ikashika uzi wa pili, kisha wa tatu, kisha ikarudi kwa wa kwanza, mara nyingi katika kila sekunde. Programu ndogo inayoamua zamu za nyuzi naiita kigawa zamu. Neno uzi halikubuniwa na mimi kwa kupamba. Mafundi wa lugha nyingine nao hutumia neno lenye maana hiyohiyo, nami sioni sababu ya kulikataa la kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kilionyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mambo ya kompyuta pasipo kuinama mgongo. Kuna utatizo mmoja tu: lugha yetu huita vipimo vya joto pia nyuzi, na ndiyo sababu humu nimesema digrii, nisije nikazitatiza nyuzi za chombo na nyuzi za jokofu.

Jambo la pili ni maktaba. Lugha ya C, aliyoiunda Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni fupi kwa maneno yake. Sehemu kubwa ya manufaa yake imo katika maktaba, yaani hazina ya kazi zilizokwisha andikwa, ambazo mwandishi wa programu huziazima: kupanga herufi, kugawa kumbukumbu, kugeuza namba iwe tarakimu zinazosomeka. Kwa prosesa ndogo, maktaba moja itumiwayo sana ni Newlib, iliyokusanywa katika kampuni ya Cygnus mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nyingine ni picolibc ya Keith Packard, ambayo ni nyepesi zaidi na yenye njia yake ya kumpa kila uzi mali yake. Chombo cha jokofu kilitumia Newlib.

Maktaba ya C ilizaliwa zamani, wakati programu ilipokuwa na uzi mmoja. Kama mtu akaaye peke yake nyumbani, haikuona haja ya kuandika jina juu ya vyombo. Namba ya kosa la mwisho iliwekwa mahali pamoja. Neno lililokatwa nusu liliwekwa mahali pamoja. Tarakimu za desimali iliyoandikwa mwisho ziliwekwa mahali pamoja. Penye wengi pana mengi: nyuzi zilipokuja kuwa tatu, kila mmoja ulifika mezani na kukiona kikombe, ukadhani ni chake.

Watengenezaji wa Newlib hawakulisahau jambo hili. Waliyakusanya mambo hayo katika fungu moja la kumbukumbu, wakaweka kielekezi kinachoonyesha ni fungu lipi litumiwe sasa, ili kigawa zamu kiweze kukigeuza kila kinapobadili uzi. Kadhalika waliacha mahali pa makufuli kwa kazi ya kugawa kumbukumbu. Lakini makufuli hayo, yasipoandikwa na fundi wa chombo husika, ni matupu. Huitwa, huitika, wala hayafungi kitu. Kigawa zamu cha chombo chetu kilikuwa kimeandikwa upya, kifupi na chepesi. Kilimpa kila uzi rundo lake la kumbukumbu, ila hakikuugusa mlango ule wa maktaba.

Nilikuwa na dhana, na dhana si ushahidi. Ili kupata ushahidi nilihitaji debaga, yaani programu ya kutafutia kasoro ambayo huweza kuisimamisha programu nyingine katikati ya tendo na kuikagua. GDB, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, ndiyo niliyoizoea. Huzungumza na prosesa ya mbali kwa barua fupi. Kila barua huanza kwa alama ya $ na kuishia kwa alama ya #, ikifuatwa na tarakimu mbili za kuhakikisha kuwa haikuharibika njiani. Kati yake na prosesa husimama mkalimani, OpenOCD, iliyoanzishwa na Dominic Rath alipokuwa mwanafunzi huko Augsburg, Ujerumani.

Mkalimani huyo alivijua vigawa zamu kadhaa vilivyo mashuhuri, lakini hiki chetu hakukijua. Kila nilipoisimamisha prosesa, debaga ilinionyesha uzi mmoja tu, ule uliokuwa kwenye sindano; na kwa kuwa chombo hupumzika sehemu kubwa ya muda wake, karibu kila mara nilikuta uzi wa kupumzika. Ilikuwa kama kwenda kuuliza habari za wizi na kumkuta mlinzi peke yake, naye amelala. Nyuzi tatu zenye habari zilikuwamo ndani ya kumbukumbu, lakini hakuna aliyejua kuziita.

Nikaanza kumfundisha mkalimani. Alihitaji kujua mambo matatu. La kwanza ni mahali orodha ya nyuzi inapokaa katika kumbukumbu. Hilo hulipata kwa kumwuliza GDB anwani za majina yaliyomo katika programu. La pili ni uzi upi ulio kwenye sindano sasa. La tatu, ambalo ndilo gumu, ni namna uzi uliolala unavyokunja nguo zake. Uzi wa Cortex-M3 unapoondolewa, prosesa yenyewe huhifadhi rejista nane katika rundo la uzi huo; nane nyingine, tangu ya 4 hadi ya 11, huhifadhiwa na kigawa zamu. Mpangilio ni lazima ujulikane nafasi kwa nafasi. Ukikosea nafasi moja, debaga itakuonyesha uzi ukiwa mahali ambapo haukuwapo kamwe, nayo itasema hivyo pasipo kusita. Debaga iongopayo ni mbaya kuliko kutokuwa na debaga. Kwa hiyo nilikuwa nikiulaza uzi mahali nipajuapo, kisha nikiuliza uko wapi, mpaka jibu lilipolingana na ukweli kwa nyuzi zote.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya subira. Niliharakisha zamu za uzi wa joto na uzi wa betri, ili zikutane mara nyingi zaidi kuliko kule zahanati. Kisha nikatumia mojawapo ya malindo manne ambayo Cortex-M3 inayo: unalitajia anwani moja ya kumbukumbu, nalo huisimamisha prosesa mara anwani hiyo inapoandikwa. Nililinda mahali tarakimu za desimali zinapowekwa, na kuiagiza debaga iniite endapo tu atakuwapo mwingine aliyelala katikati ya kazi hiyohiyo.

Iliponiita, orodha ya nyuzi ilikuwa mbele yangu, na kila uzi ulikuwa na ushahidi wake. Uzi wa joto ulikuwa umegeuza 5.2 kuwa tarakimu 5 na 2, ukajua kuwa ni tarakimu mbili na nukta iko baada ya ya kwanza. Kabla haujazinakili, zamu yake ikaisha. Uzi wa betri ukaingia. Maktaba, ikidhani kuwa mwenye nyumba ni mmoja na kazi yake ya kwanza imekwisha, ikakiachilia kikombe kile na kumpa huyu. Naye akaandika nguvu ya betri, volti 12.6, kwa tarakimu 1, 2 na 6. Uzi wa joto ulipoamka, ulifuata hesabu yake: tarakimu mbili, nukta baada ya ya kwanza. Ukasoma 1, ukatia nukta, ukasoma 2. Nukta ilikuwa yake, tarakimu zilikuwa za jirani. Nilirudi katika kadi ya zahanati, nikakuta kuwa vipimo vyote vya uongo vilikuwa kati ya 1.2 na 1.4. Mchana, jua lilipoipandisha betri hadi 13.1, jokofu lilisingiziwa 1.3, na betri ilipofika 14.2, lilisingiziwa 1.4.

Msomaji na atazame jambo hili kwa makini. Kipimo cha joto hakikukosea. Kipimo cha betri hakikukosea. Maktaba ilifanya kama ilivyoagizwa, na kila uzi, ukichunguzwa peke yake, ulikuwa na haki. Uongo ulizaliwa katikati yao, mahali ambapo hapakuwa na mwenyewe. Katika maisha ya watu pia madhara mengi huwa hivyo: wema wawili wakitumia chombo kimoja pasipo mapatano, shari huweza kutokea bila mwovu yeyote kuwapo.

Dawa ilikuwa ya sehemu mbili. Kwanza, kila uzi ulipewa fungu lake la maktaba, na kigawa zamu kikafundishwa kukigeuza kielekezi kila kinapobadili uzi. Kila fungu hukaribia kilobaiti moja, na kwa chombo chenye kilobaiti 20 hiyo si gharama ndogo. Lakini nafasi iliyookolewa kwa kuchanganya ukweli wa watu wawili ni akiba ya hasara. Pili, niliandika makufuli halisi mahali pa yale matupu. Ipo mali ambayo haigawanyiki, kama ghala la kumbukumbu ambalo nyuzi zote huchota humo, na hiyo hailindwi ila kwa zamu.

Watu wa Mpanda hawana haja ya kufundishwa kufuli la namna hii ni nini. Tawi la reli kutoka Kaliua, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, lina njia moja. Kanuni ya kale ya reli za njia moja ni kwamba treni haiingii katika kipande ila kwa kibali cha kipande hicho, na kibali ni kimoja. Mholanzi Edsger Dijkstra, alipoitafutia kompyuta kanuni hiyo katika miaka ya 1960, aliipa jina la nguzo ya ishara ya reli. Kufuli la kumbukumbu lina sharti moja zaidi: ni lazima limtambue aliyelishika, kwa maana uzi ulio ndani huweza kubisha hodi mara ya pili ukiwa ungali ndani, na kufuli lisilomjua mwenyewe lingemfungia mlango milele.

Tabu hii haiwapati mafundi wadogo peke yao. Chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua katika Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kikaanza kujizima na kujiwasha chenyewe. Sababu ilikuwa nyuzi zilizogombania kufuli moja: uzi wenye kazi kubwa ulimngoja mdogo, na mdogo alizuiwa na wa kati. Mafundi waliigundua kwa kuirudia tabia hiyo katika chombo cha mfano kilichokuwa duniani, wakipeleleza mwenendo wa nyuzi zake. Kisha wakatuma rekebisho. Aliyeweka njia ya kuchungulia ndani ya kazi yake hupata pa kuanzia siku kazi inapomshinda. Asiyeiweka hubaki kubahatisha.

Tulikiacha chombo mezani wiki mbili, nyuzi zikikutanishwa kwa makusudi usiku na mchana, na kipimo cha uongo hakikurudi. Kisha kikapelekwa mahali pake. Muuguzi aliuliza kama sasa aweza kuliacha daftari lake. Nilimwomba asiliache, aendelee kusoma kioo asubuhi na jioni na kuandika kwa mkono wake. Hilo si kukidharau chombo. Shahidi wa pili humlinda wa kwanza, na pasipo daftari la mama yule hakuna ambaye angejua kuwa 1.2 ni uongo.

Wengi hudhani kuwa kazi ya kompyuta ni kuongeza mambo mapya, na sifa huenda kwa aliyeongeza. Makufuli na debaga haviongezi jambo lionekanalo. Jokofu ni lilelile, tarakimu ni zilezile, na siku ikipita salama hapana atakayesema neno. Hata hivyo nchi zetu zinazidi kuviweka vyombo hivi mahali palipokuwa na macho ya mtu: penye maji, penye umeme, penye dawa. Vingi vyatoka mbali, na maktaba zilizomo ndani yake ziliandikwa na watu ambao hawakupata kuyaona majokofu yetu. Ubora wa maktaba za namna ya Newlib ni kuwa zimeandikwa wazi. Milango yao yasomeka, na aliye Shanwe aweza kuufungua mlango uleule aufunguao aliye California. Mlango ulio wazi hauna faida mpaka aingie mtu. Kijana ajifunzaye kuandika programu na ajifunze pia kuzisimamisha, kuzikagua na kuzihoji. Chombo tusichoweza kukihoji twaweza kukitumia, lakini hatuwezi kukitolea ushahidi mbele ya mama aliyembeba mtoto.